Makuta ya fidia: kumbukumbu ya Likasi nayo iandikwe

Sisi wa Buluo tunajua gare ya Likasi. Mwaka 1992, Tshisekedi alipochaguliwa Waziri wa Kwanza pahali pa Nguz, jirani zetu wa Kasai walifukuzwa ku nyumba na ku kazi. Maelfu walilala pale gare, na batoto na masufuria, wakingojea treni. Wengi walikufa pale na njiani.

Kabla ya fimbo kulikuwa neno: "bilulu", wadudu. Mtu akiisha kuitwa mdudu, kumkanyaga hakuonekani tena vibaya. Na walikuwa wenzetu wa kazi: kofia moja, shimo moja, sindika moja. Wengi wetu tulinyamaza.

Leo makuta iko. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12, 2022, ilizaa FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga wa uhalifu mkubwa. Unapata asilimia 11 ya redevance ya madini. Ile redevance inatoka ku jasho yetu.

Basi tunaomba: sehemu ndogo ilipe walimu na wanafunzi wa université, wakae na wazee wa hapa na wale walioko Mbuji-Mayi, waandike kabla hawajakufa. Nani alitukana, nani alinyamaza, nani alificha jirani chumbani mwake.

Hatutafuti kulipizana. Ila maneno ya namna ile tunayasikia tena ku bistro na ku telefone. Baba, mama, kama ulikuwa pale gare, waambie batoto. Neno likirudi, walitambue.