Kifaduro Kingaliko

Yawezekana kijana wa leo hapa Kolandoto hajapata kusikia mlio wa kifaduro. Mtoto hukohoa mfululizo hata pumzi zikamwishia. Kisha huvuta hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi hutapika. Mtoto mchanga pengine hakohoi kabisa, bali huacha kupumua tu. Je, ugonjwa huu umekwenda wapi?

Asili yake ni kijidudu kilichopatikana na Jules Bordet na Octave Gengou, wataalamu wa Ubelgiji, mwaka 1906. Huenea kwa matone ya kikohozi, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 au zaidi wasio na kinga. Tanzania ilianzisha mpango wa chanjo za watoto mwaka 1975, na mwaka 2009 ikaanza kutumia sindano moja ikingayo magonjwa matano, kifaduro kikiwa mojawapo. Mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14.

Lakini kijidudu hakikufa, kimezuiliwa mlangoni. Tutazame Japani. Mwaka 1974 wagonjwa wa kifaduro huko walikuwa mia chache tu. Kisha watu wakaiogopa chanjo, wengi wakaacha kuwachanja watoto wao. Mwaka 1979 waliugua zaidi ya 13,000, na 41 wakafa.

Sisi tukaao kati ya mashamba ya Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya Geita tuna hatari yetu wenyewe. Mtoto hupata sindano ya kwanza nyumbani. Wazazi wakahamia machimboni, na zile mbili zikasahauliwa. Sindano moja haitoshi. Basi kadi ya kliniki na isafiri pamoja na mtoto. Zahanati ya huko itaendelea pale palipoachwa, wala haitaanza upya.

Tena, kinga ya chanjo hupungua kwa miaka. Mwanafunzi au mtu mzima aweza kuugua kidogo, akadhani ni mafua, akampelekea ugonjwa mtoto ambaye hajatimiza hata wiki 6. Kwa hiyo mwenye kikohozi asimpakate mtoto mchanga. Na mtoto akohoaye kwa namna tuliyoieleza apelekwe hospitali siku ile ile, maana dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema.