Saruji Si Dawa ya Kila Ukuta: Kweli na Uongo Kuhusu Nyumba za Matofali ya Zamani

Ukirithi nyumba ya matofali ya kuchoma huko Njombe, Songea au Tukuyu, unarithi na washauri wake. Mjomba ana lake, jirani ana lake, na fundi aliyeitwa kutazama bati atakupa la tatu kabla hajashuka kwenye ngazi. Bila shaka umeshawasikia. Baadhi ya wanayoyasema ni hekima iliyopimwa na mvua za miaka mingi. Mengine yanabomoa nyumba polepole huku mwenyewe akiamini anaitengeneza.

"Maungio yakilika, jaza saruji. Saruji ndiyo kiboko."

Si kweli, na kati ya yote utakayoyasikia, hili ndilo linaloua kuta nyingi.

Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824, lakini kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji iliyofika nyanda za juu ilikuwa imetoka mbali, na bei yake ilionyesha hivyo. Ndiyo maana kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa. Matofali yenyewe yalichomwa kwa kuni kwenye tanuri la kupanga: ya katikati yaliiva vizuri, ya pembeni yakabaki laini na yenye kunywa maji. Ukuta wa namna hiyo hulowa wakati wa mvua na hukauka jua likiwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo hutokea kwenye maungio, maana ndiyo laini zaidi.

Sasa mtu anakuja na saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali, haipitishi maji kwa urahisi, na ukuta ukicheza kidogo yenyewe haikubali kucheza nao. Maji yaliyozoea kutokea kwenye ungio yanalazimika kutokea kwenye uso wa tofali. Yanabeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya uso huo, na tofali linaanza kubanduka magamba. Baada ya misimu kadhaa utaona ukuta wa ajabu: mistari ya saruji imetokeza nje ikiwa mizima kabisa, na matofali katikati yake yamelika hadi kuwa mashimo. Mwenye nyumba hulaumu matofali. Kumbe ungio ndilo linalotakiwa kuisha kwanza, kwa sababu ungio lililoisha hujazwa upya kwa mwiko na ndoo moja ya mchanganyiko, lakini tofali lililolika halirudi.

Njia sahihi si ngumu, inataka subira tu. Kwangua ungio lililochoka kwa tindo na nyundo, na uiache mashine ya kukatia dukani, kwani sahani yake hula kingo za matofali. Ingia ndani mara mbili ya upana wa ungio, isipungue sentimita 2. Safisha vumbi, lowesha, kisha jaza mchanganyiko wa chokaa sehemu 1 na mchanga msafi sehemu 3. Kama ukuta ulijengwa kwa udongo, rudisha udongo kwa ndani na umalizie chokaa kwa nje. Mahali panapopigwa sana na mvua, kama bomba la moshi juu ya paa, fundi anaweza kutumia saruji 1, chokaa 2 na mchanga 9. Hapo saruji inasaidia bila kutawala.

Hakikisha pia umenunua chokaa ya kujengea. Ile ya shamba ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, nayo haishiki kabisa. Na fundi akikuambia, "Mama, chokaa haikauki," mweleze kwamba chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa kutoka angani, polepole, kuanzia juu kwenda ndani. Ifunike kwa magunia yenye unyevu kwa wiki moja na uikinge na jua kali.

Ukitaka ushahidi wa umri wa chokaa, nenda pwani. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni za jamii hiyohiyo ya ujenzi, na plasta ya saruji inazidhuru kwa namna ileile inavyodhuru matofali ya Njombe.

"Siri ya wazee ilikuwa mayai kwenye chokaa."

Siyo siri yenyewe. Ni kweli kwamba duniani watu wamechanganya chakula na chokaa: Wachina walitia uji wa wali wa kunata, Wahindi wakatia sukari guru. Lakini chokaa iliyochomwa vizuri, ikaloweshwa vizuri na kupewa muda, hushika bila yai hata moja. Mayai yako yale.

"Ule weupe chini ya ukuta ni fangasi, uoshe kwa maji mengi."

Si kweli mara nyingi, na tiba yake ndiyo mbaya zaidi. Unga mweupe unaotoka kwenye matofali kwa kawaida ni chumvi. Jaribu mwenyewe: chukua kidogo, utie kwenye tone la maji. Chumvi itayeyuka, fangasi haitayeyuka. Ukimwagia maji ukuta, chumvi ile inarudi ndani na kutoka tena siku ukuta ukikauka. Ifagie kwa brashi kavu, izoe, uitupe mbali na msingi. Kisha tafuta maji yanakotoka, kwa sababu chumvi haitembei bila maji.

Na kwa kuwa tumeshika brashi: mashine ya kuoshea magari isikaribie ukuta wa zamani. Nguvu yake huondoa ngozi ngumu ya tofali na kuchimba maungio ndani ya dakika chache.

"Unyevu dawa yake ni plasta ya saruji na rangi ya mafuta."

Si kweli. Ni sawa na kumvisha koti la mvua mtu aliyekwisha lowa. Maji yaliyomo ukutani yanabaki, na kwa kukosa pa kutokea yanapanda juu zaidi. Rangi itavimba, plasta itatoa sauti ya uwazi ukiigonga, na mwakani utaambiwa upake tena.

Tazama chini kabla ya kutazama ukuta. Nyumba nyingi za zamani hazina karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na katika miaka hamsini au sitini ardhi ya nje imeinuka: bustani iliongezwa udongo, uani pakamwagwa zege, takataka zikafukiwa palepale. Kama ardhi ya nje imefikia usawa wa sakafu ya ndani, maji hayana safari ndefu. Shusha udongo huo hadi uwe sentimita 15 hivi chini ya sakafu, chimba mfereji mdogo wenye mteremko kuelekea nje, na tengeneza gata. Ukuta upake rangi ya chokaa, ambayo huacha unyevu utoke.

Hapa wazee wanastahili heshima. Walisema paa litoke nje ya ukuta vya kutosha, na walikuwa sahihi kabisa. Upenu mrefu huufanya ukuta wa matofali laini uishi miaka mingi, na anayekata upenu ili nyumba ionekane ya kisasa anaufungulia mvua mlango.

"Tofali liloweshwe kabla ya kujengea."

Kweli tupu. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika, na ungio hubaki unga. Liloweshe, liache lichuje, ndipo ulipandishe.

"Udongo wa kichuguu hauna mshindani."

Kweli kwa sehemu kubwa. Mchwa huchambua chembe laini za mfinyanzi kutoka chini na kuzishikamanisha kwa mate, hivyo kichuguu huwa na udongo mzuri uliokwisha chaguliwa. Lubumbashi ni shahidi: katika mji huo na vijiji vyake, vichuguu vikubwa vinavyozidi urefu wa mtu mara mbili vimekuwa machimbo ya matofali kwa miaka mingi. Kwa kujazia maungio ya ukuta wa udongo pia unafaa, ila ukiwa mtupu hunywea na kupasuka unapokauka, kwa hiyo utie mchanga na ujaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Na uchunguze kama mchwa wenyewe bado wapo. Maungio ya udongo ni njia yao nzuri ya kufikia mbao za paa.

"Tofali la kuchoma ni la kimaskini, halidumu."

Si kweli. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilikamilika mwaka 1919 kwa matofali ya kuchoma, baada ya lililotangulia kuteketea kwa moto wa radi mwaka 1910, na bado limesimama kilimani. Ukitafuta tofali la kubadilisha lililoharibika, tumia kipimo cha mafundi wa zamani: gonganisha matofali mawili. Yaliyoiva yanalia kama chuma. Mabichi yanatoa sauti ya udongo. Chagua yenye ugumu na ukubwa unaokaribiana na ya ukutani, hata kama ya dukani yanang'aa zaidi.

"Ufa ni ufa, nyumba inaanguka."

Si kweli, lakini usiupuuze. Ufa mwembamba, chini ya milimita 5, mara nyingi huharibu sura tu, mradi haukui. Swali la maana ni kama unatembea. Weka alama za penseli pande zote mbili, andika tarehe, pima wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua. Au bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ukuta unatembea.

Ufa unaopanda ngazi kwa kufuata maungio kwa kawaida unaonyesha msingi umeshuka upande mmoja. Kama unafunguka kiangazi na kujifunga masika, shuku udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kunywea. Mti wa mlingoti ulioko karibu unaongeza tatizo: watu husema mizizi imepasua msingi, lakini mara nyingi kosa la mti ni kunywa maji ya udongo huo hadi unywee. Usiukate mti mkubwa ghafla bila ushauri, kwani udongo ukirudishiwa maji huvimba na kuinua nyumba. Ufa unaoendelea kupanuka, unaopita katikati ya matofali, au ukuta uliotoka kwenye timazi ni kazi ya mhandisi, na uitwe mapema.

"Nyumba isiyokaliwa hufa upesi."

Kweli. Matofali hayajui kama kuna mtu ndani, lakini bati lililolegea halina wa kuliona, gata iliyoziba majani haina wa kuizibua, na mchwa hawafagiliwi. Kama nyumba ya familia imebaki tupu, mpate mtu wa kuizungukia kila mwezi. Wewe mwenyewe ifikie Oktoba, kabla ya mvua za nyanda za juu: zibua gata, gonga plasta usikilize palipo wazi, chokonoa maungio kwa ncha ya msumari. Mvua kubwa ya kwanza ikianguka, toka nje na mwavuli utazame maji yanaangukia wapi. Popote yanapogusa ukuta, anza kazi hapo.