Mate ya mjamzito yanaweza kutabiri mtoto njiti?

Mjamzito wa miezi sita anatema mate kwenye kichupa, kichupa kinapelekwa maabara, basi. Hakuna sindano wala kulala kitandani kupimwa. Kipimo hicho, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1998, kililenga kumtambua mama atakayejifungua kabla ya wakati.

Kinachotafutwa ni estrioli, homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma kwa kutumia viini vinavyotoka kwa mtoto mwenyewe. Wiki chache kabla ya uchungu, homoni hiyo hupanda, na huonekana hadi kwenye mate. Mwaka 2009, watafiti wa London walipima homoni nyingine, projesteroni, ambayo huusaidia mfuko wa uzazi utulie. Kati ya wajawazito waliokuwa tayari kwenye hatari, waliojifungua kabla ya wiki 34 walikutwa na kiwango kidogo zaidi.

Sasa ugumu uko hapa. Kipimo cha estrioli huaminika zaidi kinaposema "bado". Kikisema "karibu", mara nyingi hukosea, na mama hubeba mimba yake mpaka ikatimia. Huyo amekesha bure kwa hofu, na pengine amepewa dawa asizozihitaji. Isitoshe, estrioli hupanda usiku, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto huishusha. Ndiyo maana madaktari wa uzazi Marekani hawakukikubali kwa matumizi ya kila siku.

Hata hivyo, sababu ya kuendelea kutafuta ni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto njiti milioni 13.4 walizaliwa mwaka 2020. Sindano ya deksamethasoni, ambayo utafiti uliohusisha hospitali za Kenya ulionesha inapunguza vifo vyao, inahitaji muda kufanya kazi kabla mtoto hajazaliwa. Mama akifika hospitali mtoto anatoka, muda huo haupo tena.

Kwa sasa madaktari hutegemea historia ya mama, hasa kama amewahi kuzaa njiti, na ultrasaundi ya kupima urefu wa shingo ya kizazi. Mjamzito ambaye hajafikisha wiki 37, akiona tumbo linakaza na kuachia mara kwa mara, maji au damu vinatoka, au kiuno kinauma kwa kuja na kuondoka, aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje siku ya kliniki.