Nililima na Nilikuwa Nikilima

Wanafunzi wetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, shikeni kalamu.

Kabla daraja halijafunguliwa, watu walikuwa wakivuka mto Kilombero kwa pantoni. Si mara moja, bali siku zote. Mhispania hutumia neno moja tu, cruzaban; sisi twatumia mawili. Tazameni: nilikuwa nikilima, ulikuwa ukilima, tulikuwa tukilima. Alama ya mtu hutajwa mara mbili, na -ki- hufuata ile ya pili.

Mbele ya baraza la ardhi, angalieni sana. Ukiandika, “Nililima shamba hili la mpunga,” mzee wa baraza aweza kudhani ni msimu mmoja. Andika, “Nilikuwa nikilima shamba hili kila masika.”

Sasa geuzeni wenyewe: “Tulivua samaki.”