Moteri iko na filtre yake. Na mapafu yetu je?

Uliza shofa yeyote wa Kolwezi ao wa Likasi: filtre ngapi ziko mu motokari yako? Atahesabu haraka kwa vidole. Ile ya mafuta ya moteri, ile ya gasoili ao ya esansi, na ile ya hewa ya moteri. Tatu. Ya nne anaisahau. Ile ya nne njo filtre ya hewa ya ndani, yenye kuchuja hewa tunayopumua sisi wenye kukaa mu viti. Moteri ikikosa filtre inaharibika, motokari inasimama, na mwenyewe anaona hasara ku mufuko. Mapafu yanachukua miaka mbele ya kusimama, njo maana hakuna mwenye haraka.

Kwetu hii si hadithi ya watu wenye motokari nzuri. Motokari zetu nyingi zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika miaka kumi na zaidi, zinapita Kasumbalesa, na kisha hapo zinaanza maisha mapya mu vumbi. Wakati wa kipwa, ukifuata lori ya minerai ku barabara ya udongo, hauone tena mbele. Unafunga vioo, unafungua vantilateri, na unafikiri umejikinga. Lakini kama filtre imejaa, ao haiko kabisa, ile vumbi inaingia kupitia matundu ya tablo na kuja moja kwa moja ku uso wa mama na mtoto anayemubeba ku magoti.

Na vumbi ya kwetu si udongo tu. Mu 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa kile cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti mpaka katikati ya nyumba. Walikuta kobalti mu vumbi, mu mukojo na mu damu ya wakaaji kupita watu wa mtaa wa jirani wasiokuwa na machimbo, na zaidi kwa watoto. Watoto hawashuke ku mine. Vumbi njo inawafuata.

Sasa tuangalie ile filtre iko wapi. Mu Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000, sawa Corolla, IST ao RAV4, iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, mahali tunaweka makaratasi ya motokari. Kama usukani uko kuume, kisanduku kiko kushoto; usichanganyikiwe na picha za kitabu cha motokari ya Ulaya. Mu Volkswagen Golf ya nne iko chini ya kapo, upande wa abiria, karibu na kioo cha mbele. Motokari nyingi za miaka ya 1990 na Land Cruiser nyingi za zamani za ku chantier hazikutengenezwa na filtre hii. Zingine ziko na nafasi yake, lakini ndani ni tupu: kuna aliyeitosha na hakurudisha kitu. Usikubali mekanisiye akuambie « hii haikuwake na filtre » mbele ya kufungua na kuona.

Kufungua ni kazi ya dakika kumi, na mu Toyota hizo mara nyingi hauhitaji hata turnevisi. Zima moteri na vantilateri. Tosha vitu vyote mu kisanduku. Ku upande wake mumoja kuna kamkono kadogo ka plastiki kanakozuia kisanduku kisianguke kwa nguvu. Kaondoe polepole, sababu plastiki ya zamani inavunjika sawa biskuti. Kisha bana kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani, kitashuka chenyewe. Nyuma yake utaona kifuniko kirefu, chembamba, chenye kushikwa ku ncha mbili. Bana, vuta. Filtre iko hapo, imelala.

Hapa njo watu wanaharibu. Wanaivuta imeinama, na takataka yote inaanguka mu vantilateri, chini yake. Ivute ikiwa imelala vilevile, sawa sahani yenye supu. Nimeona zenye majani, mabawa ya kumbikumbi, hata nyumba ya panya. Rangi yake mpya ni nyeupe, ao ya kijivu kama ni ile yenye mkaa. Ikitoka na rangi ya barabara yenu, imefanya kazi yake na imemaliza.

Kazi hii ifanyiwe inje, watoto wakae mbali, na uvae maski. Weka ile ya zamani mu sashe, funga, tupa. Ku garaji vijana wanapenda kuipuliza na kompreseri na kuirudisha, wanasema « papa, bado iko muzuri ». Kijana yule anapumua kwa dakika moja vumbi uliyokusanya mwaka muzima. Na upepo wa kompreseri unafungua nyuzi za ile karatasi, basi inarudi ikionekana safi lakini inapitisha kila kitu. Kuiosha na maji ao na esansi ni mubaya zaidi. Nunua mpya. Mu maduka ya piesi nilimopita, ile ya kawaida haifiki bei ya mufuko wa unga wa kilo 25.

Mbele ya kuingiza mpya, pangusa nafasi yake na kitambaa chenye maji kidogo. Angalia alama. Kama imeandikwa UP, mshale uangalie juu. Kama imeandikwa AIR FLOW, mshale unafuata njia ya hewa, na mu Toyota hizo hewa inashuka, basi mshale uangalie chini. Rudisha kifuniko mpaka usikie kimeshika pande zote mbili. Kikibaki wazi, hewa inapita pembeni ya filtre na umetupa pesa.

Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha kila kilomita 15 000 hivi, ao mara moja ku mwaka. Hiyo ni hesabu ya barabara zenye lami. Mwenye kupita kila siku barabara ya mine aiangalie kila miezi mitatu, na abadilishe kipwa kinapokwisha, mbele ya mvua kubwa. Sababu ya pili ni vioo: filtre ikiziba, upepo hautoke na nguvu, na siku ya mvua vioo vinajaa mvuke. Haufai kuendesha kipofu kati ya lori mbili za asidi.

Kama motokari yako haina nafasi ya filtre, funga vioo na weka hewa ya kuzunguka ndani wakati uko nyuma ya lori, kisha fungua tena barabara ikiwa safi. Na buti za kazi zisiingie na udongo wake. Tapi ya motokari ipanguswe na kitambaa cha maji, isipigwe fagio kavu mbele ya watoto.

Lakini tusidanganyane. Hii filtre inashika vumbi kubwa. Ile ndogo kabisa, yenye silisi, inayoleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponyesha, sehemu yake inapita. Mvuke wa asidi nao unapita. Mukubwa asije akakuambia kwamba haumwagie maji barabara na hatoe maski sababu ameweka filtre mu basi.

Kwa ndugu madelege: ombeni kuona karneti za matengenezo za motokari zinazobeba wafanyakazi. Mu kampuni moja inayopewa kazi na mine kubwa, tulifungua tano. Filtre ya moteri iliandikwa kila mara, na tarehe na sinyatire. Ya ndani haikukuwa hata na mstari wake mu karatasi. Sheria ya Kazi ya 2002 inatupa komite ya usafi na usalama. Leteni jambo hili pale, liandikwe mu prose-verbali, na mudai mstari wa nne mu karneti. Sisi walituambia ni kitu kidogo. Tukajibu: kama ni kidogo, mukifanye leo. Motokari tatu zimebadilishwa. Mbili, zile za timu ya usiku, bado, na ziko ku orodha ya mkutano unaofuata.