Toroli la tamasha: soko linauza kikapu, tope linauliza gurudumu

Kwenye boksi la toroli la kukunja linalouzwa Uingereza kwa wapiga kambi kuna namba moja iliyochapishwa kubwa kuliko nyingine zote: kilo 80, kilo 100, pengine kilo 120. Mnunuzi huisoma, akajumlisha kichwani hema, magodoro ya kujaza hewa, kasha la barafu na madumu ya maji, akaona nafasi ingali ipo, akalipa. Namba hiyo inaeleza mzigo ambao fremu inaweza kuubeba bila kupinda. Haisemi chochote juu ya mtu atakayelivuta toroli hilo kilomita mbili kwenye majani yaliyokwisha kukanyagwa na maelfu ya watu waliomtangulia. Biashara yote ya matoroli haya inaishi katika pengo hilo, na ndiyo maana kila kiangazi fremu nzima kabisa huonekana zimetelekezwa kando ya njia kwa sababu gurudumu moja limeng'oka.

Mahali pazuri pa kulitazama soko hili ni Glastonbury. Tamasha hilo lilianza Septemba 1970 katika shamba la Worthy Farm, kijiji cha Pilton huko Somerset, mfugaji Michael Eavis alipowakaribisha watu wapatao 1,500 kwa kiingilio cha pauni 1, na maziwa ya shambani juu yake, bure. Leo lina nafasi ya watu takriban 210,000. Tiketi ya 2025 iliuzwa kwa pauni 373.50 kabla ya ada ya kuhifadhi nafasi. Walio wengi hulala hapohapo kwenye mahema tangu Jumatano mageti yanapofunguliwa hadi Jumatatu asubuhi, na magari yao hubaki maegeshoni pembezoni mwa shamba. Kutoka garini hadi mahali pa kusimika hema, kutembea saa nzima na mzigo si ajabu. Ardhi yenyewe ni udongo mzito wa mfinyanzi. Mvua ikitangulia mageti, kama ilivyokuwa 2016, njia za shambani hugeuka tope zito linalovua watu viatu.

Umbali huo kati ya gari na hema ndio uliozaa wateja. Familia ziliwaongeza. Latitude, inayofanyika Henham Park katika Suffolk tangu 2006, na Camp Bestival, iliyoanza 2008 kwenye viwanja vya kasri la Lulworth huko Dorset, ziliwavuta wazazi wenye watoto wadogo, na toroli likapata kazi ya pili: usiku linapambwa taa ndogondogo, linatandikwa blanketi, mtoto analala humo huku baba na mama wakisikiliza muziki. Wauzaji waliliona hilo haraka. Ndipo zikaja kava za kuzuia jua, mito, mifuko ya pembeni na vishikio vya vikombe. Ukitembelea maduka utaona bei ya toroli la kukunja ikianzia karibu na pauni 50 na kupanda hadi kupita 150, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imewekwa kwenye kitambaa. Magurudumu hubaki karibu yaleyale: plastiki ngumu yenye kipenyo cha sentimita 18 au 20, wembamba wa vidole vitatu.

Kwa nini kiwanda kisiweke gurudumu kubwa? Jibu liko ndani ya kontena. Matoroli haya hutengenezwa kwa wingi China, na gharama ya kuyafikisha Uingereza huhesabiwa kwa nafasi yanayochukua. Kontena refu la futi 40 lina mita za ujazo karibu 76. Chukua boksi la sentimita 75 kwa 35 kwa 20: ukiacha nafasi zinazopotea pembeni, kontena hilo litabeba kama maboksi 1,300. Ndani ya kila boksi, magurudumu manne ya sentimita 18 yenye unene wa 5 yanakula lita zisizofika 7. Weka badala yake magurudumu manne ya upepo ya sentimita 26 yenye unene wa 9, utakuwa umetumia lita 24. Boksi linavimba, na idadi inashuka hadi chini kidogo ya 1,000. Robo ya mzigo imebaki China, ingawa kodi ya kontena ni ileile. Turubai hukunjwa, fremu hukunjwa, mpini huingia ndani yake wenyewe. Gurudumu ndilo peke yake lisilokunjika, kwa hiyo ndilo linalopunjwa.

Hali ilibana zaidi mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu na kampuni nyingi kuacha Mfereji wa Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya kutoka China hadi Felixstowe, bandari kubwa ya makontena ya Uingereza, iliongezeka kwa siku kumi na zaidi, na nauli ikapanda. Kwa bidhaa ya mwaka mzima hilo ni kero tu. Kwa toroli la tamasha ni hatari ya kweli, kwa kuwa msimu wake ni Juni hadi Agosti, na shehena ikifika Septemba itakaa ghalani hadi mwaka unaofuata. Mwagizaji hulazimika kuamua katikati ya baridi atauza mangapi katika joto. Uamuzi wa namna hiyo humsukuma kila mtu kwenye kilicho chepesi, chembamba na cha bei ya chini.

Sasa tuje kwenye tope, maana ndipo mnunuzi anapoachwa peke yake. Toroli la kilo 12 lililobeba kilo 60 halihitaji nguvu kubwa kwenye lami. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kulivuta. Kwenye udongo laini au mchanga, nguvu ya kulivuta huweza kufika robo ya uzito wote, yaani karibu kilo 18 za kukokota kila hatua, na mlimani zaidi. Chanzo ni kuzama. Gurudumu jembamba linauweka uzito wote juu ya kipande kidogo cha ardhi, linazama, kisha kila mzunguko linapaswa kupanda ukingo wa shimo lake lenyewe. Gurudumu kubwa hukutana na ukingo uleule kwa mwinuko mdogo zaidi. Tairi pana la upepo, likipunguzwa upepo kidogo, hutandaza uzito na kuzama kidogo. Kwa hiyo, kati ya toroli lenye uwezo wa kilo 120 na magurudumu ya sentimita 18, na lile lenye uwezo wa kilo 80 na magurudumu ya sentimita 26, mimi humshauri mtu achukue la pili bila kusita, hata kama halina pa kuweka kikombe.

Upana peke yake nao haumalizi kazi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hunata kwenye tairi, ukapanda nalo, ukajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka na kuanza kuburutwa. Tazama pengo hilo dukani: vidole viwili vikipita kwa raha juu na pembeni ya tairi, kuna matumaini. Kisha inua upande mmoja wa toroli, zungusha gurudumu, lishike na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza sana likiwa jipya, halitafika Jumatatu. Matoroli mengi ya bei ya chini hayana beringi. Plastiki inasuguana moja kwa moja na chuma cha ekseli, na chini ya mzigo, kwenye njia ndefu ngumu, hupata joto, tundu likapanuka, gurudumu likaanza kuyumba. Kinacholishikilia lisitoke mara nyingi ni kifuniko cha kubana tu. Ekseli yenye tundu na pini, au nati ya kufunga kwa spana, ni tofauti ya senti chache kiwandani, na huamua kama mtu atamaliza safari akivuta au akibeba.

Mpini ndio wa pili kuvunjika. Ule wa kuvutwa kama antena ya redio unapendeza ghalani, lakini nguvu yote ya mvutaji hupitia kwenye kitufe kidogo cha plastiki. Mpini wa bomba moja lililochomelewa, wenye kishikio cha kutosha mikono miwili, na mrefu kiasi kwamba toroli halikugongi visigino, unafaa zaidi kwa watu wazima. Mzigo mzito ukae chini na karibu na ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele yapate wepesi wa kupanda vikwazo. Usikate kona kali, kwa sababu mbele pakigeuka sana, upande mmoja hupoteza mhimili na kila kitu kinalala matopeni.

Wanaojua mambo haya wameondoka kimyakimya kwenye matoroli ya kambi na kwenda kwenye duka la bustani. Pale lipo toroli la chuma la wavu, lililotengenezwa kwa ajili ya kuhamisha mbolea na matofali, lenye matairi ya upepo ya saizi 4.10/3.50-4, yaani yenye kipenyo cha sentimita 26 hivi. Bei yake haipishani sana na ya toroli la kukunja la kati. Kasoro zake ni kweli: ni zito, mara nyingi linapita kilo 20, halikunjiki, na kwenye gari dogo huchukua nafasi ya buti lote. Tairi la upepo nalo hupata pancha, hivyo pampu ndogo na tyubu ya akiba ni lazima. Mwenye gari dogo na tamasha la nyanda kavu anaweza kubaki na la kukunja. Anayekwenda Somerset na watoto wawili, hapana.

Wateja wa Uingereza wana kinga ambayo wengi huipoteza kwa sababu ya kalenda. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kudai fedha zote. Baada ya hapo, ndani ya miezi sita, anaweza kudai itengenezwe au ibadilishwe, na mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa na kasoro tangu mwanzo unamwangukia muuzaji. Lakini toroli hununuliwa Machi, likakaa garaji, likafunguliwa Juni shambani. Dirisha la siku 30 limeshafungwa. Kwa hiyo toroli jipya lipakiwe matofali na kuvutwa kwenye bustani ya umma wiki ileile lilipofika.

Kuna hesabu nyingine kubwa kuliko ya mnunuzi mmoja. Mwaka 2019 chama cha matamasha huru ya Uingereza, AIF, kilikadiria kwamba mahema 250,000 huachwa viwanjani kila mwaka. Watu huwalaumu vijana kwa uvivu. Naona lawama hiyo haitoshi. Mtu aliyelala vibaya usiku tano, mbele yake saa nzima ya tope, na mkononi ana toroli lililovunjika tangu Jumatano, ataacha kitu, na ataanza na hema la bei ndogo. Kukodisha matoroli imara getini, siku ya kuingia na siku ya kutoka, kunafanyika tayari kwenye baadhi ya matamasha, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya biashara hii yenye maana zaidi: toroli moja la chuma linahudumia familia nyingi kwa msimu, na mwenye nalo ana sababu ya kununua beringi nzuri, kwa kuwa yeye ndiye atakayelitengeneza likiharibika. Kwa Glastonbury, 2026 ni mwaka wa kupumzisha shamba, na waagizaji waliozoea kupima soko lote kwa tamasha hilo moja wana kazi ya kufikiri upya.

Kwetu Afrika Mashariki kambi za muziki zipo, ingawa ni chache: Nyege Nyege, iliyoanzia Jinja mwaka 2015, na mikesha ya mwaka mpya ya Kilifi chini ya mibuyu, ambako adui ni mchanga. Wageni hufika na toroli la kukunja kutoka ng'ambo, likawashinda mita mia mbili kutoka barabarani, wakamwita kijana mwenye mkokoteni. Kijana huyo anavuta magurudumu ya gari juu ya ekseli ya gari, chombo kilichochomelewa na fundi wa jua kali ambaye hakuhitaji kufikiria kontena. Soko la wapiga kambi peke yake halitamlisha fundi huyo. Ila watu wa kukodisha mahema na viti vya harusi na misiba, wenye mikahawa ya ufukweni, na akina mama wanaouza maji wanahitaji kitu cha ukubwa huohuo: kidogo kuliko mkokoteni, kikubwa kuliko toroli la ujenzi, kinachovutwa na mtu mmoja. Tairi lake lipo tayari. Saizi 4.00-8, ile ya bajaji, ina kipenyo cha sentimita 40 hivi, inauzwa na tyubu yake katika kila mji kuanzia Mombasa hadi Mwanza, na mziba pancha yeyote wa kijiweni anaijua. Fundi atakayechomelea fremu nyepesi ya bomba juu ya matairi mawili ya namna hiyo, yenye beringi na mpini unaofunguliwa kwa boliti ili uingie kwenye gari, atakuwa na chombo kinachopita vizuri mchangani Kilifi kuliko chochote kilichofika kwa meli.