Viini vya kuhara vinavyovamia damu na kukaidi dawa

MTOTO anapopandwa na homa kali, wazazi wengi huwaza malaria. Wakati mwingine hawakosei. Lakini nyuma ya homa hiyo hiyo huweza kujificha adui mwingine: bakteria ambazo zimepenya hadi ndani ya damu.

Mojawapo ni salmonela aina ya Typhimurium. Ulaya na Marekani, kiini hiki hujulikana kwa mayai na nyama ya kuku isiyoiva vyema. Mgonjwa huendesha siku chache, kisha hupona, mara nyingi bila dawa.

Kusini mwa Sahara mambo ni tofauti. Huku umetamalaki ukoo uitwao ST313, ambao baadhi ya jeni zake zimekufa, sawa na ilivyotokea kwa bakteria ya homa ya matumbo. Mwaka 2018, wanasayansi walieleza kwamba badiliko la herufi moja tu katika DNA yake huufanya uzalishe kwa wingi protini inayovunja kinga iliyomo kwenye damu. Mgonjwa huenda asihare kamwe.

Malaria yenyewe hufungua mlango. Chembe nyekundu zinapopasuka, chembe nyeupe hulemewa na mabaki yake na kushindwa kuua salmonela. Ndiposa malaria ilipopungua Kilifi, maambukizi ya damu pia yalishuka. Utapiamlo, selimundu na virusi vya HIV navyo huchangia. Kwa hivyo, kipimo kikionyesha malaria, hilo halimaanishi kwamba damu haina bakteria.

Kuhusu tiba, ukoo huu ulikwisha kushinda kloramfenikoli, dawa ya bei nafuu iliyotegemewa kwa miaka mingi. Madaktari wakakimbilia seftriaksoni. Mnamo 2015, watafiti wa Kenya waliripoti ST313 iliyoikaidi dawa hiyo pia, jeni za usugu zikiwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria huweza kupokezana.

Ili kubaini kiini na dawa inayokifaa, sharti damu ioteshwe maabarani, kazi inayochukua siku mbili au zaidi, na hospitali nyingi ndogo hazina uwezo huo. Daktari hulazimika kukisia. Kilifi, miongoni mwa watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002 wakafariki wakiwa na bakteria katika damu, thuluthi moja walikufa siku ile ile waliyofikishwa hospitalini.